Machi 7 katika Kwaresima: Felisita, Perpetua na yule kaka aliyebaki nje

Kwa miaka mingi nilisali Kwaresima kwa pupa. Nikiamka tu, naanza na tafakari iliyotumwa kwenye kundi la jumuiya, naongeza ya pili kutoka kwa rafiki, kisha maisha ya mtakatifu wa siku, kisha novena, sala ya siku tisa. Ikifika saa nne asubuhi sikumbuki hata moja. Nilifunga, nilikwenda Njia ya Msalaba kila Ijumaa, na Pasaka ikanikuta vilevile Jumatano ya Majivu ilivyoniacha.

Siku hizi nafanya kidogo zaidi. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nasoma Injili na habari za mtakatifu, naviweka pamoja, natafuta neno moja linalopita kote kuwili. Nikilipata nafunga kitabu. Tafakari za watu wengine nazisoma jioni, nikiwa nimeshaishi na neno langu kutwa nzima.

Mwaka huu wa 2026, Machi 7 iliangukia Jumamosi ya juma la pili la Kwaresima. Ni siku ya Watakatifu Perpetua na Felisita, ila wengi hutoka Misani bila kujua, maana katika Kwaresima kumbukumbu haiifuniki siku: padri anabaki na zambarau, masomo yanabaki ya Kwaresima, na sala ya mwanzo tu ndiyo inayoweza kuwa ya watakatifu. Injili ilikuwa ya mwana mpotevu, Luka 15: mdogo aliyetapanya mali ya baba, akarudi, na baba akamfanyia karamu.

Hawa ni mama zetu wa Afrika. Waliuawa mwaka 203 huko Karthago, karibu na Tunis ya leo. Perpetua alikuwa na miaka 22, wa ukoo wa heshima, ana mtoto anayenyonya. Felisita alikuwa mtumwa, mjamzito wa miezi minane. Walikamatwa wakiwa bado wakatekumeni, yaani wanajiandaa kubatizwa. Mengi tunayajua kwa sababu Perpetua mwenyewe aliandika akiwa kifungoni, na humo anasimulia jinsi baba yake alivyokuja kumbembeleza aikane imani. Akamwonyesha mtungi uliokuwa pale, akamuuliza kama unaweza kuitwa jina jingine lisilo lake. Baba akasema hapana. Basi na mimi, akamwambia, siwezi kujiita kingine ila Mkristo.

Nilipofika hapo nikajua neno langu ni jina. Nikarudi kwa Luka nikiwa nalo.

Nimeisikia Injili hii tangu utotoni, na kila mara macho yangu huenda kwa baba anayekimbia. Safari hii nilimtazama kaka mkubwa, aliyekasirika akakataa kuingia ndani. Sikiliza anavyosema: “huyu mwana wako”. Hasemi ndugu yangu. Baba naye, aliyetoka nje kumsihi, anamjibu “huyu ndugu yako”. Hajamgombeza, amemrudishia tu lile jina alilokataa kulitamka. Yesu aliwaambia mfano huu watu walionung'unika kwamba anakula na wenye dhambi, kwa hiyo kaka huyu hakutiwa mwishoni kama nyongeza.

Nikaweka simu mezani nikaitazama. Mdogo wangu wa kiume aliuza ng'ombe wawili wa mama bila kumwambia mtu, akaondoka na hela. Huu ni mwaka wa tatu. Kwenye simu yangu namba yake nilikuwa nimeiandika “Usipokee”. Nikiongea na mama nilimwita “huyo mtoto wako”. Maneno yaleyale ya kaka mkubwa, na nilikuwa nayasema huku nafunga, huku naongoza rozari jumuiyani.

Asubuhi Misani padri alisali Sala ya Ekaristi ya Kwanza, ile yenye orodha ya watakatifu. Yafuatilie siku moja majina yanayotajwa mle: Felisita, Perpetua, Agata, Lusia. Mtumwa ametangulia, mwanamke wa ukoo mkubwa anafuata. Uwanjani walikouawa, ng'ombe mkali alipowaangusha wote wawili, Perpetua alimwendea Felisita, akampa mkono, akamwinua, wakasimama pamoja. Nililia pale kwenye benchi, na sioni aibu kusema.

Tendo la siku lifanye dogo kuliko moyo unavyotaka. Moyo wangu ulitaka kupanda basi siku hiyohiyo niende kumkumbatia mdogo wangu. Najijua, ningefika nikaanza na ng'ombe wa mama. Kwa hiyo baada ya Misa nilikaa nje ya kanisa, nikafuta “Usipokee”, nikaandika “Mdogo wangu”. Mikono ilitetemeka kwa herufi chache zile. Kisha nikapanga foleni ya kitubio, nikalisema jambo lenyewe, bila kulizungushia “nina hasira-hasira”.

Kama aliyekukosea ni mtu anayekupiga au anayeweza kukudhuru, usichukue mfano wangu wa simu. Zungumza kwanza na padri au mtu unayemwamini. Huruma haikutaki urudi kwenye hatari.

Somo la kwanza siku ile lilikuwa la nabii Mika, anayesema Mungu atazitupa dhambi zetu zote katika vilindi vya bahari. Nimelinakili kwenye karatasi, nimelibandika juu ya sinki jikoni, ninapoosha vyombo. Siku nyingine nalisoma nikiamini, siku nyingine nalisoma tu.

Jumapili nilimpigia, hakupokea. Sikutuma ujumbe. Jumanne jioni, nikiwa nakuna nazi, simu iliita na kioo kikaandika “Mdogo wangu”. Tuliongea dakika sita hivi, habari za mvua na mguu wa mama. Ng'ombe hatujawagusa bado.