Viumbe wenye akili, viumbe vyenye akili, au maisha yenye akili?

SWALI: Msomaji wetu wa Kisauni, Mombasa, ambaye ni mwalimu na mlezi wa chama cha mdahalo katika shule ya upili, anaandika: "Wanafunzi wangu wameandaa mdahalo wenye hoja isemayo, 'Kuna maisha yenye akili katika ulimwengu mwingine.' Mwalimu mwenzangu ameisahihisha ikawa, 'Kuna viumbe vyenye akili nje ya dunia.' Nahisi zote mbili zina kasoro, lakini nashindwa kuieleza. Ipi iliyo sahihi?"

JIBU: Umehisi vyema, mwalimu. Hoja ya kwanza ina makosa mawili na ya pili ina moja, na kila kosa linabadilisha kile ambacho wanafunzi wako watakuwa wakibishania.

Tuanze na neno "maisha", ambalo halitatuchelewesha. Maisha ni namna ya kuishi na muda unaopitiwa na aliye hai: husemwa maisha ya mjini, ugumu wa maisha, hata hatua za maisha ya mbu tangu yai hadi anapopata mabawa. Hali yenyewe ya kuwa hai, ile iliyo kinyume cha mauti, jina lake ni uhai. Wataalamu wanaochunguza mawe ya sayari ya Mirihi wanatafuta dalili za uhai; iwapo kilichoishi huko kilikuwa na maisha ya raha au ya dhiki si shughuli yao. Tena maisha hayana akili, bali mwenye akili ni yule anayeishi. "Maisha yenye akili" ni maneno ya Kiswahili yaliyopangwa kwa sarufi ya kigeni, nami sioni sababu ya kuyatetea.

Suala la "wenye" na "vyenye" linahitaji subira zaidi. Neno kiumbe limetokana na kitenzi umba, na kwa umbo lake ni la KI-VI, kwa hiyo mwalimu mwenzako hakukosea bila sababu. Hata hivyo, upatanisho wa Kiswahili hauangalii umbo peke yake. Twasema kijana huyu anasoma, kiongozi huyu amechaguliwa, kiboko yule anaoga. Linganisha na Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima wa zamani walilitazama ili wajue msimu wa kulima: kiambishi ni kilekile, lakini husemwa Kilimia kimezama, kwa kuwa hakuna anayekidhania kuwa na nafsi. Wala upatanisho wa A-WA, huo wa kijana na kiboko, hautolewi kwa kila kilicho hai, kwani mmea una uhai, nao husemwa umenyauka, si amenyauka. Hupewa mtu na mnyama, yaani yule anayehisi na kwenda kwa hiari yake. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi akiandika juu ya utando wa ukungu unaoweza kuota chini ya mawe ya Mirihi, akauita "viumbe vilivyo hai", kalamu yangu nyekundu haitamgusa. Lakini pindi anapoongeza neno akili, nafasi ya hiari imekwisha: ni viumbe wenye akili. Hatuwezi kumkubalia kiumbe kwamba anafikiri, kisha tumpatanishe kama kikombe.

Wanasayansi wenyewe, kwa vitendo, wameshachagua A-WA. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya angani viitwavyo Voyager, kila kimoja kikibeba sahani iliyopakwa dhahabu yenye sauti za dunia na salamu katika lugha 55 kwa yeyote atakayevikuta huko mbali, na mtu hasalimu kitu, husalimu mwenzake. (Kwa uchungu kidogo niseme kwamba katika lugha hizo Kiarabu kimo, Kigujarati kimo, hata Kiluganda na Kinyanja zimo, lakini Kiswahili hakimo. Twajifariji kwamba neno letu moja lilitangulia: setilaiti iliyorushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ili kupima miale ya eksirei itokayo angani, iliitwa Uhuru.)

Neno "akili" nalo halina kosa la sarufi, lakini wanafunzi wako wakiliacha bila kulifafanua, mdahalo utawaponyoka. Mwaka 1960 mwanaastronomia Frank Drake alielekeza chombo cha redio huko Green Bank, Marekani, kwenye nyota mbili, Tau Ceti na Epsilon Eridani, akisikiliza kama kuna anayetuma mawimbi. Hakupata kitu. Utafutaji wa namna hiyo unaendelea hadi leo, na kinachosikilizwa hasa si akili bali ni ishara ya mitambo. Kwa kipimo hicho, nahodha aliyeleta jahazi lake Mombasa kwa upepo wa kaskazi, akiongozwa na nyota usiku kucha bila chombo chochote cha umeme, asingehesabiwa miongoni mwa wenye akili, na mtazamaji aliye mbali angehitimisha kwamba duniani hamkuwa na mtu mpaka karne ya 20 ilipokaribia. Wapo wanaopendekeza neno "ustaarabu" badala ya akili. Mimi nasita, kwa sababu masikioni mwa mtu wa pwani ustaarabu ni adabu kabla haujawa mitambo, na sidhani kwamba wanafunzi wako wanauliza iwapo wakaazi wa nyota nyingine hubisha hodi.

Sasa "ulimwengu mwingine". Upatanisho wake ni sawa, lakini maana si mliyoikusudia. Ulimwengu, katika matumizi ya elimu ya falaki, ni jumla ya vyote: nyota, sayari, na nafasi iliyo baina yao. Ulimwengu mwingine utakuwa nje ya jumla hiyo, na huo ni mjadala tofauti kabisa. Mlichokusudia ni kwingineko katika ulimwengu huuhuu. Utata unatokana na matumizi ya kila siku, ambamo ulimwengu na dunia hukaribiana sana, hata wanaoishi humo tukawaita walimwengu. Anayelalamika Mombasa kwamba walimwengu wamemsema hawashuku wakaazi wa Mirihi. Anawajua kwa majina na mitaa yao. Endapo siku moja viumbe hao watapatikana, neno walimwengu, kwa asili yake, litawahusu wao pia, nasi wenye mazoea ya kulilalamikia tutalazimika kutafuta jingine.

Nimeacha mwisho jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linalonivutia zaidi, yaani neno "kuna". Lugha yetu ina kuna, pana na mna. Kuna ni ya mahali pasipo dhahiri, pana ni ya mahali mahsusi, na mna ni ya ndani. Kwa karne nyingi swali hili lingeweza kuulizwa kwa kuna pekee, maana hapakuwa na pa kuonyesha kidole nje ya jamii ya jua letu. Tangu mwaka 1995, ilipogunduliwa sayari inayozunguka nyota ya 51 Pegasi, inayofanana na jua, sayari zilizothibitishwa nje ya jamii ya jua letu zimepita 5,000, na mojawapo, iliyotangazwa mwaka 2016, inaizunguka Proxima Centauri, nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 4 na ushei. Mwanafunzi akiitaja sayari hiyo kwa jina, ana haki ya kuuliza, "Je, hapo pana uhai?" Akiuliza juu ya ulimwengu wote, ambao sote tumo ndani yake, neno lake ni mna. Asisahau pia neno "wengine", kwa kuwa bila hilo upande wa watetezi utajinyooshea kidole wenyewe, useme viumbe wenye akili ndio hawa, na mdahalo uishe kabla ya chai.

Kwa hiyo ningeiandika hoja yenu hivi: "Ulimwenguni mna viumbe wengine wenye akili wasiokuwa binadamu wala wanyama wa dunia hii." Maneno matano ya mwisho nimeyaongeza kwa ajili ya mwanafunzi atakayesimama kumtetea pomboo.