TV ya chogo: shaba iko wapi

Ndugu uliyeuliza kama TV mbovu ya chogo inalipa kuifungua ili uuze shaba yake: inalipa kidogo, labda uwe nazo kadhaa. Shaba ipo kwenye koili (waya uliozungushwa mara nyingi) iliyobana shingo ya kioo kwa nyuma, na kwenye ule waya unaozunguka skrini kwa nyuma. Huo wa pili ukwangue kwanza kwa kisu, maana nyingine ndani ni nyeupe, aluminiamu tupu, bei chini. Kuchoma waya achana nako kabisa; moshi ni sumu na shaba iliyoungua hushushwa bei. Kioo usikipasue, kina madini ya risasi (lead) na vipande huruka. Ile kofia ya mpira yenye waya mnene, iliyobandikwa kwenye kioo kwa nyuma, nayo usiiguse hata kama umechomoa umeme, chaji hubaki. Mwachie fundi aitoe.