Mashine ya boti ikizima katikati ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria: kwa koksweni (waendesha boti) wapya

Vijana wa bichi za Dunga na Usoma, Kisumu, tunawapenda, lakini mnachosha. Mashine inazima, na kabla boti haijatulia tayari mtu ameshika kamba ya staata. Anavuta, anavuta, choki ya kubana hewa imetolewa yote, petroli inajaa kwenye silinda, plagi zinalowa. Tatizo lilikuwa moja, sasa ni mawili. Abiria nao wanainuka wote kwenda nyuma kutazama, boti inalalia nyuma, na maji yanaanza kuruka ubao wa mashine.

1. Nanga kwanza. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu na kukusukuma ziwani. Alasiri hugeuka, ukakutupa kwenye mawe au kwenye magugu. Nanga ifungwe mbele, kamwe si nyuma penye mashine, maana boti iliyofungwa nyuma hupokea kila wimbi ndani. Kamba iwe angalau mara tano ya kina: penye mita 6, toa mita 30. Upande wa Kisumu maji si ya kina na nanga inashika. Ukishapita kisiwa cha Rusinga kuelekea kile cha Mfangano, kamba za wengi wenu hazifiki chini. Hapo funga ndoo kwa kamba, uitupe kutoka mbele. Haitasimamisha boti, lakini itaiweka pua itazame mawimbi. Abiria waketi na majaketi yafungwe kabla hujafunua mashine.

2. Kabla ya kugusa spana: kipini cha usalama, kile kinachozima mashine kikichomoka, kiko mahali pake? Gia iko fri, yaani haijashika mbele wala nyuma? Skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi imefunguliwa? Mashine inayowaka vizuri, ikaenda dakika chache, ikadhoofika na kuzima huku pampu ya mpira ya paipu ya petroli imenywea, haina ugonjwa wa kabureta. Tangi limekosa hewa. Fundi atoke Kisumu mjini kuja kufungua skrubu ya vidole viwili, kweli?

3. Magugu. Hapa ndipo mnapoua mashine, kwa hiyo tukae kidogo.

Maji ya kupoza huingia kwenye vitundu vya mguu wa mashine, juu ya propela. Impela, kigurudumu cha mpira chenye mapezi, huyapandisha hadi kwenye silinda, na sehemu yake hutoka nyuma, ule mkojo mnaoujua. Sasa boti inaingia kwenye zulia la gugumaji, mwendo unapungua, na kijana anafanya nini? Anaongeza mafuta. Mashina yanajisokota kwenye propela, mizizi inaziba vitundu, impela inazunguka pakavu na mapezi yake yanaungua. Juu huko pistoni ya alumini inatanuka kuliko silinda ya chuma, oili inaungua, na pistoni inakwama ndani ya silinda. Dalili zote zilikuwepo: mkojo ulikuwa matone, ukawa mvuke, kukanuka rangi inayoungua, mlio ukawa mzito. Na bado mtu anasema, "Tumebakisha kidogo tu, tufike Kendu Bay."

Ukinaswa, punguza mafuta, weka fri, kisha rudi nyuma kidogo kwa mwendo wa chini. Mara nyingi mashina hujisokotoa yenyewe. Zima, chomoa kipini cha usalama, inua mguu, ukate kilichobaki kwa kisu. Toka kwa pondo au kasia. Usimwagie mashine ya moto maji ya ziwa, hata ikifuka moshi: kichwa cha silinda hupinda au kupasuka, na gaskiti huanza kuvuja. Ngoja hadi kiganja kiweze kutulia juu ya kichwa hicho. Wakati huo, pitisha uzi mnene wa nailoni wa kuvulia samaki kwenye tundu la mkojo, maana wakati mwingine lililoziba ni hilo tu. Washa. Nusu dakika ikipita bila mkojo, zima tena. Huenda impela imekwisha. Kuibadilisha ni kushusha mguu mzima, na ndani kuna kiufunguo kidogo cha chuma kinachoishikilia kwenye shafti. Kikidondoka ziwani, umekwisha wewe pia. Kazi hiyo si ya kwenye mawimbi. Kaa kwenye nanga, piga simu BMU (kamati ya usimamizi wa bichi) iliyo karibu.

4. Plagi zilizolowa: chomoa paipu ya petroli, rudisha choki, toa plagi, ondoa kipini cha usalama ili pasiwe na cheche, vuta kamba mara tano au sita mvuke utoke. Kausha plagi, rudisha kila kitu, ujaribu bila choki. Zikilowa kila safari, tazama unavyochanganya oili. Mashine nyingi za mipigo miwili hutaka 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa lita 20 za petroli. Mpya inayozoeshwa mara nyingi hutaka mara mbili ya hiyo. Kitabu chake ndicho cha mwisho. Mnaopima kwa kifuniko cha soda, sina la kuwaambia.

5. Petroli ya jeriken: mimina kidogo kwenye chupa angavu, ngoja. Kama ina maji, hukaa chini.

6. Mashine inanguruma na boti haiendi: mashine ndogo imekata pini ya propela, kubwa mpira wa ndani ya propela unateleza. Pini unabadilisha, mpira unarudi nao nyumbani taratibu, kwa mafuta kidogo sana. Ukitoa propela, funga kitambaa chini ya mguu kidake nati na pini zake. Beba pini za akiba, plagi mbili, na spana ya plagi iliyofungwa kamba kwenye boti. Iwe inayoingia kwenye mashine yako, si ile uliyoazima kwa jirani mwenye bodaboda.