Barafu ilimnata mwanangu vidoleni: je, niuache mchezo huu?

Swali: Mwalimu, mwanangu ana mwaka mmoja na miezi 8. Juzi joto lilipozidi nilitoa vipande vya barafu kwenye friza nikampa achezee kwenye sinia. Cha kwanza kilimnata vidoleni akalia. Cha pili alikitia mdomoni, nikakitoa kwa shida. Je, niuache mchezo huu kabisa? (Mama, Dar es Salaam)

Jibu: Usiuache, mama, ila badilisha ukubwa wa barafu na muda wa kumpa. Friza ya nyumbani huwa na baridi ya nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, na vidole vya mtoto wa umri huo havikosi mate au jasho. Unyevu huo huganda papo hapo unapogusa barafu kavu, ndipo ngozi inaponata. Iache kwanza mezani mpaka ule weupe wa juu utoweke na barafu ianze kung'aa kwa majimaji. Ikimnata tena, usivute. Mmwagie maji ya kawaida.

Hilo la mdomoni ndilo lililonishtua zaidi. Kipande cha trei kinatosha kuziba koo la mtoto mdogo, na kusema kwamba kitayeyuka hakusaidii, kwa sababu hakiyeyuki upesi kiasi cha kumwokoa mtoto aliyekosa hewa. Kwa hiyo gandisha bonge moja kubwa. Chukua bakuli la plastiki, weka ndani kikombe chake anachokizoea, kisha tia maji yaliyochemshwa na kupoa, kwa maana atairamba tu. Usilijaze hadi ukingoni, kwani maji yakiganda huongezeka ukubwa. Shanga, vifungo na mbegu visiingie humo.

Kesho yake weka bonge hilo kwenye beseni, juu ya taulo ili sakafu isiteleze, nawe uketi naye. Mpe kikombe kingine chenye maji ya uvuguvugu amwagie. Barafu italia “ta!”, na ufa mweupe utapita katikati yake, hapo watoto wengi hunyamaza, wakasogeza uso karibu, kisha wakataka kumwaga tena. Usimharakishe. Mtajie anachokigusa wakati anakigusa: baridi, imelowa, inateleza, imeyeyuka. Maneno hayo humwingia vizuri zaidi kiganja kikiwa juu ya barafu kuliko akionyeshwa picha.

Wapo wanaoshauri kunyunyizia chumvi ili barafu iyeyuke haraka. Kwa umri huu sikubaliani nao, kwa kuwa mchanganyiko wa chumvi na barafu hushuka chini ya nyuzi sifuri na unaweza kuunguza ngozi kwa baridi.

Kila baada ya dakika chache shika vidole vyake mwenyewe, maana kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Vikiwa vigumu au vimekufa ganzi, vikaushe na uvipashe joto kwapani mwako. Ukiitwa mlangoni, mbebe mtoto uende naye, kwa sababu hata maji machache ya beseni yanaweza kumzamisha, na barafu ikishayeyuka yamwage mara moja.