Kihisi Kikigoma Kusoma, Anza na Waya

Vijana wengi wanaoniletea kazi zao hapa Dodoma huja na lalamiko moja: kihisi (sensa) hakisomi, na wamekesha wakibadilisha programu. Ushauri wangu ni uleule. Weka kompyuta pembeni, shika mita ya kupimia umeme.

Tuchukue kihisi cha BME280, ninachopenda kwa mashamba ya zabibu kwa kuwa kinapima joto, unyevu wa hewa na mgandamizo wake. Bodi yake mara nyingi huuzwa pini zikiwa pembeni, hazijalehemiwa. Mtu anazichomeka tu kwenye matundu, anaiegemeza bodi, inasoma kidogo, inakata. Hapo hakuna programu itakayokusaidia. Lehemu pini zote, na risasi itambae kuzunguka pini ikiwa inang'aa, isikae juu juu kama kidonge.

Halafu soma maandishi ya bodi uliyoishika mkononi, usifuate picha ya mtandaoni, maana kila mtengenezaji hupanga pini kivyake. Chipu hii mwisho wake ni volti 3.6. Bodi ya pini sita mara nyingi haina kipunguza volti, kwa hiyo VCC (pini ya kuingiza umeme) iende kwenye volti 3.3, kamwe si 5. Kwenye bodi nyingi za ESP32, maikrokontrola (kompyuta ndogo inayosoma kihisi), SDA (waya wa data) ni pini 21 na SCL (waya wa mapigo ya saa) ni pini 22. Kwenye Arduino Uno, maikrokontrola nyingine, ni A4 na A5, lakini Uno hufanya kazi kwa volti 5. Bodi isiyo na kigeuza volti usiifunge huko moja kwa moja.

Unganisha waya zote wakati USB imechomolewa. Ukishawasha, pima volti kati ya VCC na GND (hasi) palepale kwenye kihisi, si kwenye maikrokontrola. Waya za jampa za bei rahisi hukatika ndani huku ganda likiwa zima kabisa.

Umeme ukifika, ndipo utafute anwani, yaani namba ambayo maikrokontrola hukiita nayo kihisi: SDO (pini ya kuchagua anwani) ikiwa GND ni 0x76, ikiwa VCC ni 0x77. Kihisi kikiitika lakini hakitoi unyevu, huenda umeuziwa BMP280, ndugu yake asiyepima unyevu. Tazama kibati chake cheupe: cha BME280 ni mraba, cha BMP280 ni mstatili.

Na jamani, msishtuke mgandamizo ukisoma karibu hektopaskali 890 badala ya 1013. Hiyo 1013 ni ya usawa wa bahari. Sisi Dodoma tuko juu, mita 1,100 hivi. Nimeona kihisi kizima kikitupwa kwa sababu hiyo, na iliniuma, maana mwanafunzi aliitafuta ile hela kwa shida.

Ukikipeleka shambani, kitunze kile kitundu kidogo juu ya kibati, ndicho kinachoingiza hewa. Usikizibe kwa gundi wala rangi. Kiweke kivulini, kwenye kikasha chenye matundu yanayotazama chini ili vumbi la kiangazi lisikijaze, na waya wake usizidi mita moja.