Miezi 3 baada ya leza, macho bado makavu
Pole ndugu. Kuona unaona vizuri ila macho kama yana mchanga, hiyo baada ya Lasik (upasuaji wa leza wa kurekebisha kuona) ni kawaida. Iko hivi, wakikata kile kifuniko chembamba kwenye konea (kioo cha mbele cha jicho) neva nyingi zinakatika, na hizo ndo zinaamsha tezi zitoe machozi na kope zipepese, tena zinatoa kemikali za kulisha tabaka la juu la konea, sasa zikishakatika, jicho likikauka halistuki, unakodolea simu tu. Neva zinaota tena ila polepole mnooo, miezi 6 hadi mwaka, wengine zaidi. Tumia machozi ya bandia yasiyotiwa kemikali za kuhifadhi, usifikiche jicho (hata likiwasha saa nane usiku!), na ukisikia maumivu makali au ukungu wa ghafla muone daktari siku hiyohiyo.