Kafi ya akiba iwe mbele yako: kwa anayetaka kwenda Bawe kwa kayaki

Mkuu, umeuliza kama jaketi la kuokolea maisha na simu vinatosha kwa safari ya kayaki kutoka Mji Mkongwe hadi kisiwa cha Bawe, kilomita kama 6. Havitoshi, hasa msimu wa kusi.

Kusi kwa upande wetu huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, yaani inatokea nchi kavu kwenda baharini. Ukisimama Forodhani unaona maji yamelala, unaamini bahari shwari. Ukishatoka kwenye kivuli cha mji ndipo mawimbi yanapoanza. Kafi ikikuponyoka huko hurudishwi Unguja, unasukumwa kuelekea katikati ya mkondo, ile bahari kati ya Unguja na bara. Na kayaki tupu ikishakuacha usitegemee kuifukuza kwa kuogelea, upepo unaipeleka mbio kukushinda.

Tulikuwa wawili tukirudi kutoka kisiwa cha Changuu, upepo usoni, kafi ya mwenzangu ikakatika kwenye kiungo cha katikati. Akabaki na kipande kimoja; kila akipiga, omo, yaani pua ya kayaki, inakwenda upande na upepo unamrudisha alikotoka. Nilikuwa na kafi ya akiba ya vipande viwili, nimeibana chini ya kamba za mpira za kayaki mbele ya magoti. Niliichomoa nikiwa nimekaa vilevile, tukashikamanisha kayaki ubavu kwa ubavu, akaiunga, tukaendelea. Ingekuwa nyuma ya mgongo ningelazimika kujipinda katikati ya mawimbi, na kupinduka hapo ni rahisi mno. Kila ukirudi pwani suuza viungo vyake kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi na mchanga vikikaa humo siku ukiihitaji haitaungika.

Vifaa vya kuitia msaada ni habari nyingine: hivyo vikae mwilini, kwenye mifuko ya jaketi, kwa kuwa utavihitaji zaidi pale kayaki ikiwa imekukimbia. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, ni nzuri, na chaneli 16 ndiyo ya kuitia msaada. Lakini ukiwa umezama hadi kifuani antena iko chini, mawasiliano hayaendi mbali. Tena atakayekufikia kwanza huenda akawa mvuvi wa ngalawa, ambaye redio hana. Yeye anataka kusikia na kuona. Firimbi ifungwe kwa uzi begani, uifikie kwa mdomo hata mikono ikiwa na kazi. Kioo kidogo kikipata jua kinaonekana mbali sana, na kitambaa cha rangi ya chungwa kinakusaidia kuliko kichwa cheusi ndani ya maji ya buluu.

Simu ichukue, ndani ya mfuko usiopitisha maji, ila ijaribu kwanza kwa vidole vilivyolowa. Weka namba ya nahodha mwenye boti, mtu anayeweza kung'oa nanga mara moja, na umwambie saa ya kutoka na ya kurudi.

Kile kifaa cha kutuma ishara kwa setilaiti kwenye masafa ya 406 MHz ni kizuri, lakini bei yake ni kubwa. Kifikirie utakapotaka kuvuka Nungwi hadi Pemba. Kwa Bawe, kama mwezi huu pesa inatosha kitu kimoja, nunua kafi ya pili. Firimbi haitakutoboa mfuko, ichukue siku hiyohiyo.